Mwanafunzi wa Udaktari Anapofika Kijijini, Nani Humsikiliza?

Basi litokalo Dar es Salaam kuelekea Lindi hupita Kibiti na Ikwiriri, huvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha huingia upande wa kusini wa Wilaya ya Rufiji, iliko Kata ya Chumbi. Kwa saa, safari hiyo si ndefu. Kwa mwanafunzi wa udaktari aliyekaa miaka kadhaa katika hospitali kubwa ya mjini, urefu wake hupimwa kwa vitu anavyoviacha nyuma: profesa anayeongoza mzunguko wa asubuhi wodini, daktari bingwa anayeweza kuamshwa usiku, maabara isiyofungwa, benki ya damu, na wenzake wa bweni ambao huwalalamikia kila kitu, kuanzia chakula hadi mtihani.

Shahada ya udaktari nchini huchukua miaka mitano, na baada yake hufuata mwaka mmoja wa utarajali. Ndani ya muda huo vyuo huwapeleka wanafunzi nje ya hospitali za kufundishia ili waione afya ya jamii mahali inapoishi. Ni utaratibu wa busara, kwa kuwa Watanzania wengi huanza kutafuta tiba kwenye zahanati. Lakini utaratibu huo humweka kijana wa miaka 23 au 24 mbele ya maumivu ya watu pasipo ukuta wa wakubwa alioujua. Chumbi, kama kata nyingine za aina yake, inafaa kuwa mfano wa kuulizia jambo ambalo vyuo vya afya vimechelewa kulizungumza kwa Kiswahili: ni kitu gani hushikilia akili ya anayejifunza kutibu, kazi inapomwelemea?

Jibu la zamani ni neno moja: uvumilivu. "Vumilia, hata sisi tulipitia" ni maneno ambayo karibu kila daktari aliambiwa, na wengi wameyarithisha. Yana ukweli ndani yake, kwa maana udaktari haujifunzwi bila kukesha. Kasoro yake ni kwamba humwachia mwanafunzi peke yake mzigo wote, na akianguka, lawama ni ya moyo wake mdogo. Wataalamu wa saikolojia hutumia neno jingine, ustahimilivu, wakimaanisha uwezo wa kupata pigo, kuyumba, kisha kurejea katika hali ya kufanya kazi na kuishi vyema. Anayevumilia anaweza kuwa anaoza ndani kwa ndani. Anayestahimili huyumba mbele ya watu, nao wakamshika.

Watu wa bonde la Rufiji hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Kwa vizazi vingi wamelima mpunga katika ardhi ambayo mto huifurika, wakikaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama. Mwaka ambao mafuriko yalizidi na kuusomba mpunga, mkulima alingoja maji yapungue, kisha akapanda mahindi na kunde kwenye tope lenye rutuba lililoachwa nyuma. Kilimo hicho huitwa mlau. Ukikitazama vizuri, utaona kwamba kilichomwokoa mkulima hakikuwa ugumu wa moyo. Alikuwa na mbegu aliyoiweka akiba, alikuwa na shamba la bondeni na jingine la juu, na alikuwa na ndugu wa kumpa hifadhi mpaka mavuno. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalipofuatiwa na operesheni ya serikali ya kuwahamishia watu vijiji vya nyanda za juu, mengi katika mpangilio huo yalivurugika, na watu walewale waliosifiwa kwa kustahimili maji walijikuta wakihangaika. Mioyo yao haikuwa imebadilika. Walikuwa wamenyang'anywa vile vitu vilivyowawezesha kustahimili.

Utafiti wa kisayansi umefika mahali palepale kwa njia yake. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini na misukosuko ya kifamilia, takriban theluthi moja walikua kuwa watu wazima imara, wenye kujiamini na kuwajali wengine. Walitofautiana katika mengi, lakini jambo moja lilijirudia: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja, awe mzazi, bibi, mwalimu au jirani, aliyemjali pasipo masharti. Mwaka 2001 Ann Masten, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alihitimisha kwamba ustahimilivu hutokana na mambo ya kawaida kabisa ya maisha ya binadamu, wala si kipaji cha watu wachache.

Wanafunzi wa udaktari wanahitaji mambo hayo ya kawaida kuliko inavyodhaniwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA, uliokusanya tafiti kutoka nchi 43, ulikadiria kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari wana sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 wamewahi kupitiwa na mawazo ya kujiua katika kipindi kilichoulizwa. Takwimu ya tatu katika uchambuzi huo haitajwi sana, nayo ndiyo inayostahili kuwakosesha usingizi wakuu wa vyuo: miongoni mwa wale walioonekana kuwa na dalili za sonona, ni asilimia 15.7 tu waliotafuta tiba. Watu wanaofundishwa kuitambua sonona kwa wengine hawaipeleki ya kwao kwa tabibu.

Huenda usiku ukaeleza sababu kuliko takwimu. Mama amejifungua salama, kisha damu inaanza kutoka bila kukoma. Muuguzi mkunga anajua la kufanya na anafanya: anakanda tumbo la uzazi, anachoma oksitosini, anafungua mshipa wa pili. Mwanafunzi anashikilia chupa ya maji ya dripu juu, kwa kuwa ndiyo kazi iliyobaki. Gari la rufaa kwenda hospitali ya wilaya Utete linasubiriwa. Kama ni masika, kila mtu chumbani anawaza barabara pasipo kuitaja. Mara nyingi mama huyo huokoka, na ni vizuri kulisema hilo, kwa maana mwanafunzi husahau usiku wa ushindi upesi mno. Mara nyingine haokoki.

Kinachofuata hujulikana na kila aliyefanya kazi katika kituo kidogo. Rejista inajazwa. Kitanda kinaoshwa kwa maji ya klorini. Mkubwa wa zamu anatoka nje kuzungumza na mume na wakwe. Mwanafunzi ananawa mikono mara mbili, mara tatu, na alfajiri benchi limejaa akina mama walioleta watoto kliniki. Hakuna aliyemwuliza kitu. Pengine hakuna aliyemkataza kusema, ila hapakuwa na mlango wa kusemea.

Tanzania ina utaratibu wa kupitia kila kifo kitokanacho na uzazi, na ni miongoni mwa mambo yanayostahili kusifiwa katika mfumo wetu wa afya. Kikao huuliza ni wapi palipochelewa: nyumbani, njiani, au kituoni. Kimewekwa ili kutafuta sababu pasipo kumtafuta mchawi. Hata hivyo, kijana aliyekuwa chumbani usiku ule husikia kila swali kana kwamba limeelekezwa kwake. Fomu ina nafasi ya dawa zilizokosekana. Hakuna mahali inapouliza hali ya wale waliokuwepo. Mwaka 2000, daktari Albert Wu wa Marekani aliandika katika jarida la BMJ kwamba mgonjwa anapodhurika, mhanga wa kwanza ni mgonjwa na jamaa zake, na mhanga wa pili ni mtoa huduma anayebaki na tukio lile kifuani. Neno hilo la mhanga wa pili limepingwa na baadhi ya familia za wagonjwa, na pingamizi lao lina uzito, kwa kuwa hakuna mizani inayoweza kumweka mtoa huduma sawa na aliyefiwa. Lakini jambo lenyewe lipo. Anayebaki nalo bila kulisema hujifunza kukwepa: hukwepa wodi ya wazazi, hukwepa kuwatazama jamaa usoni, au hujizoesha mzaha mkavu ambao wagonjwa huutafsiri, kwa haki, kuwa ni dharau.

Basi asemeshwe vipi? Hapa pana tahadhari. Iliwahi kuaminika kwamba baada ya tukio la kutisha ni lazima kila aliyehusika akalishwe mara moja na kusimulia yote kwa undani. Mapitio ya tafiti hayakuonyesha kwamba kikao kimoja cha lazima cha namna hiyo huzuia madhara ya baadaye, na kwa baadhi ya watu kinaweza kuyaongeza. Shirika la Afya Duniani hupendekeza badala yake huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake wa mwaka 2011 umejengwa juu ya vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mganga mfawidhi au muuguzi kiongozi hahitaji shahada ya saikolojia ili kuyafanya hayo. Anatazama kama kijana amekula, amelala, anatetemeka. Anamwambia, "Usiku wa jana ulikuwa mzito. Ukitaka kusema, nipo," kisha ananyamaza kweli, bila kumkimbizia ushauri. Na anamwunganisha na anayeweza kuendelea naye: rafiki, mzazi, kiongozi wa dini, au mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya. Akimwambia pia kwamba yeye mwenyewe alipofiwa na mgonjwa wa kwanza alilia nyuma ya stoo ya dawa, amempa mwanafunzi kitu ambacho hakipatikani katika kitabu chochote.

Pwani ina hazina nyingine ambayo hospitali hazijaitumia. Mtu akifa Chumbi, waliofiwa hawaachwi. Watu hukaa matanga, wanawake ndani na wanaume nje, uji na chai hupikwa na majirani, dua husomwa, na hakuna anayetarajiwa kusema jambo la maana. Kijiji kimekwisha kujua kwamba kazi ya kwanza ya huzuni ni kutokaa peke yako. Inashangaza kwamba zahanati iliyo hatua chache kutoka kwenye matanga hayo haina chochote kinachofanana nayo. Katika vituo vingine wauguzi wazoefu humchukua mwanafunzi na kwenda naye kutoa pole msibani. Jambo hili lifanywe kwa uangalifu. Kwanza iulizwe familia, kwa kumtumia mhudumu wa afya wa jamii anayeijua nyumba hiyo. Rufiji ina uzoefu mrefu na wahudumu hawa: kuanzia mwaka 2011, mradi wa Connect wa Taasisi ya Afya Ifakara uliwafunza kwa miezi 9 vijana waliochaguliwa na vijiji vyao wenyewe, wakaitwa WAJA. Kama familia ina uchungu na kituo, isisumbuliwe. Lakini pale inaporidhia, kijana aliyedhani atatazamwa kama muuaji huambiwa, "Karibu mwanangu, ni kazi ya Mungu," na hukalishwa mkekani na watu wengine.

Kipo kizuizi kingine kisichohusu huzuni, nacho ni woga wa kushindwa. Msamiati wa wanafunzi wenyewe unautaja wazi. Kuna "sapu", mtihani wa marudio. Kuna "disko", kuondolewa chuoni. Kuna "bumu", fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo kwa kijana aliyetoka familia maskini mara nyingi hugawanywa na wadogo zake nyumbani. Mwanafunzi ambaye ukoo mzima unamwita daktari tangu mwaka wa kwanza hana pa kuipeleka habari kwamba hapati usingizi tangu wiki tatu zilizopita. Akiipeleka kwa msimamizi wake wa mafunzo, anaipeleka kwa mtu yuleyule atakayempa alama. Akienda kwenye kliniki ya magonjwa ya akili ya hospitali ya kufundishia, tabibu wake atakuwa mhadhiri wake, na pengine kundi la wanafunzi wenzake liko zamu siku hiyo. Siri gani hiyo? Vyuo vinavyolalamika kwamba wanafunzi hawatumii huduma za ushauri vianze kwa kuchora ramani ya mlango wenyewe: nani anamwona mwanafunzi akiingia, na faili lake hulala wapi. Kanuni moja ingeondoa nusu ya tatizo, nayo ni kwamba anayesikiliza asiwe anayetoa alama.

Sheria nayo ina sehemu yake. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakiuka katiba. Hata pale ambapo mashtaka hayafunguliwi, kuwepo kwa kosa hilo katika vitabu humfanya mgonjwa yeyote, awe mvuvi wa Nyamisati au mwanafunzi wa mwaka wa nne, afikiri mara mbili kabla ya kutamka neno lenyewe.

Neno hilo halina budi kutamkwa. Kuuliza moja kwa moja, kwa upole, "Je, umewahi kufikiri kujitoa uhai?" hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humpa nafuu kwa kuwa hatimaye yupo aliyeuliza. Wa kuulizwa ni yule ambaye kwa wiki mbili au zaidi hapati usingizi au analala mno, amejitenga, ameacha kula pamoja na wengine, anakunywa pombe kupita alivyozoea, anajitibu mwenyewe kwa dawa za usingizi kutoka kabatini, au anazungumza kana kwamba hatakuwepo mwezi ujao. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani ziondolewe karibu naye, na asindikizwe hospitali siku hiyohiyo. Kituoni, kutumwa "aende akapumzike" chumbani mwake ni hatari.

Lugha husaidia pia. Mwaka 2008 watafiti wa Muhimbili akiwemo Sylvia Kaaya walichapisha kazi juu ya dodoso la kutambua sonona lenye vipengele 19, lililotokana na namna watu wa Dar es Salaam wanavyoeleza dalili zao. Mgonjwa hasemi "nina sonona". Husema anawaza sana, moyo unamwenda mbio, mwili umechoka bila kazi. Wanafunzi hufundishwa kuyasikia maneno hayo kwa mgonjwa. Wakiyasema wao, wenzao huitikia, "Ni mitihani tu."

Wagonjwa nao wana mkono katika malezi haya, ingawa si wajibu wao kumlea anayewatibu. Mwanafunzi humwamkia bibi wa Chumbi, "Shikamoo," naye bibi huitikia, "Marahaba, daktari," na kwa neno hilo moja kijana hupandishwa cheo ambacho hana. Ni heshima, na ni mzigo. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwamba anayemhudumia ni mwanafunzi, na ana haki ya kumkataa. Akimkubali huku akijua, hata kosa dogo la kutafuta mshipa mara mbili huwa jambo linalozungumzika. Kijana aliyejitambulisha kwa ukweli huwa na mzigo mmoja pungufu: hana haja ya kuigiza ujuzi ambao bado anautafuta.

Wenyeji wa eneo hili wana majeraha yao pia. Mauaji yaliyotikisa Kibiti na Rufiji hadi mwaka 2017 yaliwaachia watu woga na misiba isiyozungumzwa sana. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwatoa wengi majumbani mwao bondeni, na mwezi uliofuata Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya kusini upande wa Kilwa. Mhudumu wa afya aliyekuwa akimpokea mwanafunzi msimu huo huenda naye alikuwa na nyumba iliyoingiwa maji. Kumtaka awe nguzo ya kijana wa chuo bila kuuliza nguzo yake yeye ni ipi ni kuuhamisha mzigo tu. Chuo Kikuu kinachomtuma mwanafunzi kinadaiwa kumfikia pia mwenyeji wake: kumfundisha huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na kumpa namba ya mtu wa kumpigia yeye mwenyewe anapolemewa.

Mwaka 2017, katika mkutano wake mjini Chicago, Chama cha Madaktari Duniani kililirekebisha Tamko la Geneva, kiapo cha kisasa cha madaktari, na kuongeza ahadi ya daktari kuitunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma iliyo bora. Ahadi hiyo hutamkwa siku ya mahafali, wakati miaka mitano imekwisha kupita. Maandalizi yake yangeanza kabla ya mwanafunzi kupanda basi la kusini. Barua ya kumpangia kituo hutaja tarehe ya kuripoti, jina la kituo na idadi ya taratibu za tiba atakazotakiwa kuzifanya. Ikitaja pia jina la mtu mmoja asiyehusika na alama zake, atakayempigia simu kila Ijumaa, na apige simu ya sauti kwa kuwa ujumbe huandikwa "niko poa" hata na asiye poa, mganga mfawidhi wa kijijini atajua kwamba hayuko peke yake katika kumwangalia kijana huyo, na kijana atajua Ijumaa inakuja.